Jicho la kushoto la baba

Wewe, acha chochote unachofanya usome hii. Natoka hospitali na baba na sijui hata nimwamini nani.

Si nilimpeleka kupimwa macho, leseni yake ya kuendesha imeisha. Nesi kamwambia azibe jicho la kulia, ndipo akaifunua ile chati ya ukutani asome. Baba kasoma herufi zote, mstari kwa mstari, bila kusita.

Nesi akamtazama, akanitazama na mimi. Akasema, "Mzee, chati ya leo ni ya namba."

Namba, wewe. Hapakuwa na herufi hata moja pale ukutani.

Jicho la kushoto halioni. Tangu utotoni. Kaniambia mwenyewe kwenye korido, kwa kunong'ona. Herufi alizikariri zamani ili timu imsajili.

Sasa fikiria. Miaka kumi na mbili anacheza mpira wa kikapu wa kulipwa, uwanja mzima unasimama kwa zile pasi zake, uso kulia, mpira kushoto. Wewe mwenyewe ulikuwa unaziiga pale uani kwetu. Nikamuuliza, ulikuwa unajuaje kama kuna mtu?

"Nilikuwa nasikiliza viatu."

Viatu. Na huyu ndiye anayempeleka mwanangu shule kwa gari kila asubuhi.

Akaniomba nisimwambie mama, eti presha yake itapanda. Nikampigia mama palepale. Nikasema tu, "Baba amefeli macho."

Mama akauliza, "Kwani wamebadilisha chati?"