Msiba wa Venant

Mkolani, Mwanza
Agosti 1996

Shikamoo dada Sabina,

Huku mvua bado. Dagaa wamekauka vizuri, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Ule mkopo wa injini ya boti tuliosaini mimi na binamu Venant umeharibika. Mahakama imemtangaza kuwa amefilisika, hadaiwi tena, kwa hiyo benki inanibana mimi peke yangu. Leo asubuhi nilimfuata kwake Kigongo anipe japo nusu yake.

Nikakuta turubai na mikeka ya msiba. Venant mwenyewe alikuwa ameketi katikati ya waombolezaji, mzima, kavaa shati jeupe. Mkewe analia bila kumtazama. Baba mdogo akasimama, akatangaza kama ilivyo kawaida yetu tukizika: "Anayemdai marehemu ajitokeze."

Nikanyoosha mkono. Wote wakageuka.

"Si mlisaini wawili?" baba mdogo akaniuliza kwa upole. "Mbona wewe bado unatembea?"

Nikarudi nyumbani mbio. Uani kwangu majirani wameketi kwenye mikeka, sufuria kubwa iko motoni. Nimewasalimia, hakuna aliyeitika. Hapa chumbani namsikia mmoja akiuliza nani anamdai marehemu.

Nijibu upesi, dada, hata mstari mmoja, wenye jina langu.

Mdogo wako,
Odeta