Siku Niliyowapandisha Mlimani Baba na Fundi

Nyumba za Wafanyakazi,
Lango la Kusini, Hifadhi ya Mlima.
9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na baridi ya huko imepungua kidogo? Huku sote wazima, na mimi nimenona, maana kazi ya kuongoza wageni mlimani inanipa hamu ya kula.

Sasa kaa vizuri. Unajua Baba alivyoapa kwamba sitaolewa na kijana wa fundi mwashi. Tangu tanuri la mikate alilojengewa na fundi huyo lipasuke, wakarushiana maneno mbele ya wateja, hawajasalimiana. Mchumba wangu alishakata tamaa. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumamosi iliyopita niliwaalika wazee wote wawili waje kuona ninapofanyia kazi, bila kumwambia yeyote habari za mwenzake. Wakakutana langoni. Baba akageuka arudi zake. Nikamwambia, "Ndani ya lango hili mimi si binti yako, ni kiongozi wako. Twende."

Nilichagua njia fupi. Tulipofika mahali pa kwanza pa kutazamia mandhari, mmoja alitazama ziwa, mwingine akatazama msitu, wamepeana visogo. Mimi najipigia mluzi tu.

Halafu tukafika pale njia inapokuwa nyembamba, bonde kulia na bonde kushoto. Nyuma yangu hatua zikakoma. Kugeuka, namwona Baba ameketi chini, ameng'ang'ania jiwe, jasho linamtiririka. Shangazi, kumbe kaka yako anaogopa kuwa juu, wala hukuwahi kuniambia!

Nilitaka kumfuata, fundi akanizuia kwa mkono. Akaketi kando yake. Nilidhani atamcheka.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini," akasema, "walinishusha ghorofani kwa kamba, nalia."

Baba akamtazama. "Wewe?"

"Mimi. Shika shati langu. Tazama mgongo wangu, bonde liache lilivyo."

Wakaenda hivyo, polepole, Baba kalishika shati kama mtoto anayepelekwa shule. Huko juu ukungu ukafunguka: mto, mashamba, mabati ya mji wetu yanang'aa mbali. Fundi akaanza kumwonyesha nyumba alizojenga. Baba anaitikia, shati bado mkononi. Tanuri hakuna aliyelitaja, na mimi sikuwakumbusha.

Tukiwa tunapumzika, Baba akauliza, "Hivi, kijana wako naye anaogopa kuwa juu?"

"Huyo? Hata ngazi hapandi."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Basi wajukuu wetu wana kazi!"

Nimesikia kwa masikio yangu, Shangazi. Alisema wajukuu wetu.

Harusi ni Desemba, nawe ndiye utakayeketi kando yangu, kwa hiyo anza kuomba ruhusa kazini. Nisalimie baba watoto wako na binamu yangu Kicheko. Mungu akuzungushie ulinzi wake, akulete ukiwa na afya na vigelegele vyako.

Ni mimi nikupendaye sana,
Binti ya kaka yako.