Kibaba Kilichokatwa Mdomo

Tarehe 4 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumai magoti yamepoa. Sisi wazima, ila mikono. Wasichana watatu wanaokata sabuni hapa kiwandani wamebabuka viganja, na mteja mmoja karudisha katoni nzima. Naona maji makali ya kostiki, yanayogandisha mafuta, yamezidi tangu Mjomba aanze kupima kwa lita. Wewe ulitia vibaba vitatu vya maji hayo kwa debe la mafuta. Yeye kaandika ukutani: kibaba kimoja ni mililita 700. Nilipouliza kaipata wapi, akasema, "Kitabuni, profesa!" Wote wakacheka. Nikarudi kukoroga sabuni, unanijua.

Tarehe 15 tunapika sabuni ya wodi ya wazazi. Ya kuogeshea watoto wachanga, Bibi. Naomba kile kibaba chako, nikipime.

Mjukuu wako

Tarehe 9 Machi

Marahaba mjukuu wangu,

Magoti ni yale yale, usiyaulize tena. Kibaba hiki hapa. Zamani kilikuwa kirefu zaidi. Mdomo ulishika kutu ukanichana kidole, nikaukata wote kwa mkasi wa bati, hata hujazaliwa. Sabuni yote niliyouza niliipima kwa hiki kifupi. Mjomba wako hakuniuliza, nami sikumwambia. Akikufokea, sema nimekutuma mimi.

Bibi yako

Tarehe 16 Machi

Shikamoo Bibi,

Magoti siyaulizi. Mimi mzima.

Jana nilikijaza maji kibaba chako mbele ya wote, nikayavuta kwa bomba la sindano, mililita hamsini hamsini. Yakaishia 560. Nikarudia mara tatu.

Mjomba akasema, "Bati bovu hilo. Washa jiko."

"Siwashi."

"Mlango unaujua?"

"Naujua. Ila nafuta ukuta kwanza."

Nikaifuta 700 kwa kiganja, nikaandika 560. Wale wakataji wakaketi chini, visu mapajani, hakuna aliyeinuka.

"Nani kakutuma?" akauliza.

Ulinipa ruhusa, Bibi, lakini sikukutaja. Nikasema, "Nimejituma."

Akasimama pale mpaka nikatamani kukimbia. Sikukimbia. Mwishowe akakichukua kibaba, akapitisha kidole pale ulipokata, akaenda kukijaza maji mwenyewe. Nikampa bomba la sindano.

Jiko liliwashwa saa sita mchana. Ukutani bado ni 560, kwa mwandiko wangu.

Mjukuu wako, profesa