Sufuria ya Katembo Itoke kwa Mama

Goma, Jumamosi tarehe 14 mwezi wa sita. Asubuhi ukungu na vumbi pamoja. Mlima hauonekani, na nguo nilizoanika jana bado zina unyevu.

Mama yangu,

Mgongo wako unaendeleaje tangu mvua zikatike? Na Papa, bado anakohoa akitoka shambani? Sisi huku Ndosho tuko wazima. Katembo anakula vizuri, na cherehani yangu kule Birere haijanyamaza. Barua hii utaipata kwa Mama Soki, yule muuza vitenge anayepita Uganda. Sikupiga simu kwa sababu ukisikia jina la Katembo kwenye simu unaanza kulia, nami nasahau nilichotaka kusema.

Ulisema kaka yetu Kakule atakuja kumchukua mdogo wetu Katembo amrudishe Butembo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuambia kile kituo cha Murara kinamtumia kwa mabaya. Nakuomba Kakule asianze safari kabla hujasomewa barua hii yote.

Unakijua kituo chenyewe. Kinawafundisha vijana wenye ulemavu kupika, kufua, kushona viatu, kutembea mjini bila kushikwa mkono. Nilimpeleka Katembo kwa moyo mweupe. Lakini baada ya Pasaka, msimamizi wao, Papa Janvier, alianza kuja nyumbani kwangu na maswali, wala hayakuwa maswali ya ugonjwa.

"Dada Kavira, nani anamuvalisha Katembo? Nani anawasha moto? Mukitoka, ufunguo unabaki kwa nani?"

Mama, katika mji huu, tena siku hizi, mtu akikuuliza ufunguo unabaki kwa nani, utamfikiriaje? Nilimjibu, "Unabaki kwa bwana yangu, na ni mutu mukali." Akatazama viatu vilivyokuwa mlangoni, vyangu na vya Katembo basi. Akasema, "Sawa. Umusalimie."

Alirudi tena, na tena. Kila mara nilimwambia kwamba Katembo hajui kitu, mkono wake wa kuume haushiki, ulimi wake mzito, halafu nikafunga mlango.

Ndipo vitu vikaanza kupotea. Kwanza sufuria ndogo yenye mkono mrefu. Kisha kikombe cha bati, kisha kipande cha sabuni, mwishowe blanketi la kijivu. Kwanza nilimshuku jirani, nikaacha kumsalimia. Hadi leo hajui kosa lake. Lakini kila usiku nilipoandika mambo ya siku, jambo moja lilinisumbua: mwizi gani huyu anayeacha redio, anaacha vitenge vipya vya wateja, anachukua sufuria iliyoungua chini? Huyo si mwizi wa barabarani. Huyo anatuma mtu wa ndani.

Nikamuuliza Katembo. "Sufuria iko wapi?"

"Iko," akasema.

"Iko wapi?"

"Iko vizuri."

Akacheka na kutazama chini, kama alivyokuwa akifanya alipokula sukari yako. Nikasema moyoni: wamemfundisha. Leo sufuria, kesho ni ufunguo, keshokutwa watamtuma dukani kwa watu akamatwe yeye, wao wabaki safi. Jioni ile ndipo nilipokupigia simu.

Jumanne niliomba ruhusa kazini. Katembo alipotoka nilimfuata kwa mbali, nimejifunika kitenge kichwani kama mgonjwa. Anatembea polepole, mguu ule unakwaruza mawe, lakini kwenye barabara kubwa alisimama, akaangalia huku na huku, akangoja pikipiki zipite, ndipo akavuka. Mimi ndiye niliyepigiwa honi. Motari mmoja, wa hizo pikipiki, akapaza sauti, "Mama, unatafuta kufa ao unatafuta bwana?"

Tulipofika Murara, Katembo alilipita lango la kituo. Hakugeuza hata shingo. Akaingia kwenye uwanja wenye ukuta wa mawe meusi, akaenda kwenye nyumba ya mbao, akatoa ufunguo uliofungwa kamba shingoni, chini ya shati. Ufunguo ambao mimi ninayemfulia shati hilo sijawahi kuuona. Akafungua kwa mkono wa kushoto, akaingia.

Nikakimbia nikaingia nyuma yake. "Nani anakaa humu? Nani anakutuma?"

Blanketi langu lilikuwa limetandikwa juu ya kitanda, limenyooshwa kuliko ninavyolinyoosha mimi. Kikombe kilikuwa kwenye msumari. Kwenye kigoda alikaa kijana asiyeona, jina lake Espoir, anamenya viazi. Hakushtuka hata kidogo.

"Katembo," akasema, "hii ndiyo ile dada yako, yaya ya kupiga kelele? Ulisema ni mukubwa. Kwa sauti, ni mukubwa kweli."

Katembo hakucheka. Alisimama mbele ya sufuria kana kwamba nitaipiga teke. Maneno yake yalitoka moja moja, nami safari hii nilingoja nisimmalizie.

"Kambale, mama alimupa sufuria. Kakule, mama alimupa sufuria na blanketi. Miye nilingoja."

Mama, unakumbuka? Kila kaka yetu alipohama nyumba yako kwenda kulala kwenye kijumba chake mwenyewe pale uani, ulimwita jikoni, ukampa sufuria kwa mikono miwili, na sisi wote tukapiga vigelegele. Katembo alikuwa akipiga kigelegele kuliko wote. Ndevu zake zikaota, hakuna aliyemwita. Basi vitu alivyochukua kwangu vyote ni vile ambavyo mkono mmoja unaviweza.

Papa Janvier alifika mbio, ameitwa na mwenye uwanja. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Kwamba hawezi kumhamisha mtoto wa watu kwa siri. Kwamba nitamshitaki.

"Dada, mara ngapi nilikuja kwako kuuliza anaweza nini peke yake?" akasema. "Alisema vitu ni vya nyumbani, nikajua ni weye ulimupa. Hapa banajifunza kukaa peke yabo: banapika muchana, banafunga, kila mutu anarudi kwabo. Hakuna atakayelala hapa kabla nyumba yake haijasema ndiyo."

"Na kama haisemi?"

"Basi atarudisha ufunguo."

Katembo alisikia. Aliushika ule ufunguo, akaurudisha chini ya shati.

Usifikiri nimeamini mara moja. Nilirudi Jumatano bila kuwaambia, na Ijumaa pia. Nilijaribu komeo la mlango kwa bega langu. Nilimuuliza mwenye uwanja, Mama Nyota, kwa pembeni, nani anaingia pale, watu gani wa usiku. Akaniambia ubaya anaoujua ni maharage yanayoungua na vicheko. Papa Janvier bado simwamini moja kwa moja. Mtu asiyekasirika ukimtukana ananitia wasiwasi. Nitaendelea kwenda bila kusema saa. Lakini Katembo nimemwona mwenyewe akipika viazi, Espoir akimwambia kwa harufu kwamba vinataka kuungua, yeye akiepua. Nilikula. Chumvi ilizidi.

Blanketi nimemwachia. Sufuria nimeirudisha kwangu. Nilimwambia, "Hii ni yangu. Yako haitoki kwa yaya." Nilidhani atalia. Aliisugua kwanza kwa mchanga, polepole, ndipo akanipa.

Kwa hiyo, Mama, ndiyo au hapana ni yako na Papa. Mimi sitaisema kwa niaba yenu. Ukisema hapana, Kakule aje na mfuko wa nguo, nami sitabishana. Ukisema ndiyo, aje na sufuria. Iwe na mkono mrefu, na iwe nyepesi.

Nisalimie Papa, na Nyanya asiyekubali kuvaa miwani, na Kambale na mke wake aliyejifungua, na katekista anayekusomea barua hizi: mwambie asiruke sehemu ya sufuria.

Mimi binti yako,
Kavira

Nimefungua tena bahasha, ni Jumapili asubuhi. Jana usiku nilipozima taa Katembo alisema gizani, "Yaya, Mama atajibu lini?" Nilimsikia akigeuka na kugeuka, na ule ufunguo ukigonga kifungo cha shati. Usingizi ulinichukua saa saba kasoro robo.