Damu ya Bonane Katika Barafu ya Samaki

Kashikishi

Mama yangu mupenzi,

Miguu yako imetulia, ile inayovimba mvua ikikaribia? Na Baba, bado anakohoa na kukataa dawa? Sisi tuko wazima. Bwana yangu yuko ziwani, mimi ningali nauza samaki sokoni, na Kibemba changu kingali kinachekesha watu.

Leo nina habari ya mbwa. Usicheke kwanza, soma.

Tangu afiwe na bwana yake, mama mukwe alikuwa mutu wa kukaa kimya tu. Kisha jirani akamupa mbwa mudogo aliyezaliwa sikukuu ya mwaka mupya. Nikamuita Bonane, jina la sikukuu yenyewe. Mama mukwe akaanza kuongea naye, kumuimbia, hata kucheka. Lakini Bonane akikimbia kidogo tu alianguka, akihema kama mutu aliyebeba gunia.

Tukamupeleka kwa dokta wa wanyama wa hapa Nchelenge, dada mumoja mupole. Akasikiliza kifua cha Bonane. "Mayo," akamwambia mama mukwe, maana hapa mama yeyote huitwa hivyo, "humu ndani munanguruma kama chigayo kikisaga unga."

Alitueleza hivi: kuna mushipa karibu na moyo unaojifunga wenyewe mutoto akizaliwa. Wa Bonane ulibaki wazi. Na moyo ukielemewa, unamwaga kitu fulani katika damu. Mwalimu aliyemufundisha udokta kule Lusaka anakipima kwa mbwa wagonjwa kama huyu. Basi akamutoa damu, na kile kichupa kikasafiri kwa kamyo kubwa ya samaki mpaka Lusaka, kimefukiwa kwenye barafu katikati ya samaki!

Jibu likarudi: kitu kile kimejaa mno. Bonane akapewa vidonge. Tulipopeleka damu ya pili, kilikuwa kimeshuka kidogo tu.

"Vidonge vinamusaidia, lakini havifungi mushipa," dokta akasema. "Apasuliwe Lusaka. Anaweza kufia mezani, Mayo. Asipopasuliwa, atakufa tu."

Mama mukwe, ambaye hajawahi kulala mbali na ziwa, akajibu, "Twende."

Kule Lusaka tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kupasulia. Kiswahili cha mama mukwe ni cha soko tu, na siku zote anasali kwa Kibemba. Siku ile alinishika mukono, akafumba macho, akasali kwa Kiswahili ili na mimi niitikie: "Mungu, bei iko juu. Punguza. Punguza tena." Nikasema amina, Mama, nacheka huku machozi yananitoka.

Yule mwalimu wa dokta akatoka: mushipa umefungwa kwa uzi, Bonane yuko hai.

"Na ile hesabu ya damu?" mama mukwe akauliza.

"Tungoje. Moyo uliochoka haupumziki siku moja."

Tukarudi nyumbani. Baadaye damu ikasafiri tena na samaki. Basi, juma lililopita dokta alikuja mwenyewe sokoni, akipita katikati ya meza zetu na kupaza sauti: "Mayo! Imepungua! Imepungua sana!" Wanunuzi wakadhani ni bei ya samaki, wakaja mbio.

Sasa Bonane anafukuza ndege ufukweni kutwa. Jana aliiba samaki kwenye sahani ya pasta wetu wa kanisa aliyekuja kututembelea. Mama mukwe hakumupiga. Alisimama, akapiga makofi.

Nisalimie Baba, dada yangu mukubwa, yaya Marsela, na cherehani yake, na mujomba Albe wa reli. Mama anayekuletea barua hii alikuwa pale sokoni siku ile. Mupe maji, kisha mwache akusimulie.

Ni mimi kitinda mimba wako, ninayekukumbatia toka huku ziwani,

Yoana