Mtoto Niliyesema ni Wangu

Ghorofa ya tatu, juu ya saluni,
Durban, Afrika Kusini.
17 Juni 2012

Mpendwa mdogo wangu Nureni,

Asalamu alaikum. Sukari imeshuka? Na goti je, lile uliloniambia siku ya Idi kwamba linalia kama mlango mbovu? Mkeo na mabinti zako hawajambo? Miye mzima kwa umri wangu. Meno yamebaki sita, yananitosha. Huku ni kipupwe, baridi inapenya hata blanketi, ingawa wewe wa London utanicheka.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningekusikia unavyopumua, ningeogopa, ningeyageuza maneno. Nimekwisha kuyageuza vya kutosha. Anayeniandikia ni Gracieuse, Mkongo wa saluni ya hapa chini, mtu wa kanisa, na mdomo wake una kufuli kuliko Waislamu wengi ninaowajua. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambe.

Kwanza la heri. Umepata mjukuu. Fardosa, mke wa Mahadi, amejifungua mtoto wa kiume, masikio yamesimama kama anayesikiliza mambo ya watu. Mahadi aliniachia mimi jina, nami nikamwita Munye. Jina la baba yetu limerudi duniani, Nureni, tena huku mwisho wa Afrika ambako mwenyewe hakuwahi hata kupasikia.

Akika tuliifanya siku ya saba. Mahadi alifunga duka lake la simu, akanunua mbuzi wawili, wakaja Wasomali wenzetu na majirani. Hata Libère, Mrundi anayeshona nguo pale kwenye taa za barabarani, alikuja. Akala sahani tatu za pilau, akasema, "Bibi, kama dini ni hii, mimi nitafikiri." Nikamwambia, "Fikiri ukishashiba, maana sasa tumbo ndilo linalosema." Tulicheka sana. Tangu hapo sijacheka.

Maana sheikh alimpakata mtoto, akauliza, "Munye bin nani?" Unatujua sisi. Mtu ni jina lake, na la baba, na la babu. Asiye na la tatu ni nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Mahadi akajibu, "Munye bin Mahadi bin Sufi."

Sufi! Mume wangu, Mungu amrehemu, alimlea Mahadi lakini hakumzaa, na kila Mbarawa aliyekaa pale anajua. Mzee mmoja akamwambia taratibu, "Mwanangu, baba yako ni Nureni, na yuko hai." Mahadi akasema, "Nureni alikuwa na nafasi ya kunichukua, akaniacha. Karatasi zangu zote zinasema Sufi. Karatasi zimenifaa kuliko watu."

Sasa, Nureni, kaa kitako.

Unajua tulivyotoka Barawa vita vilipoingia Somalia. Mkeo wa kwanza, mama yake Mahadi, alitufia kabla hatujafika Mombasa. Mahadi alikuwa na miaka mitatu. Wewe ulibaki nyuma na baba mgonjwa, na tukaletewa habari kwamba mmeuawa wote wawili. Kambini karani akauliza, huyu mtoto wa nani? Nilisikia kuwa mayatima wanaandikwa mbali, wanapelekwa kwengine, nikasema wangu na wa Sufi. Kwa hilo sijuti. Hata leo ningesema hivyo hivyo.

La pili ndilo ninalojutia. Ulipotokea u hai, ukafika London, ukaomba mwanao aletwe kwako, uliniambia kwamba karatasi ya kambini ndiyo iliyokukatalia. Tukalia pamoja kwenye simu. Karatasi haikukukatalia, mdogo wangu. Waliniita ofisini. Mama mmoja mwenye miwani alinipa chai, akaniuliza kwa upole, tena mara mbili, "Huyu mtoto ni wako au wa ndugu yako? Sema kweli, hakuna atakayekuadhibu." Dirishani nilimwona Mahadi nje anatafuna muwa, ana miaka tisa. Nikasema, "Wangu." Wakaniletea wino, nikatia kidole gumba.

Sijui kusoma, lakini nilijua kilichoandikwa.

Ningeweza kukwambia nilimhofia baridi ya Ulaya, au mama wa kambo. Uongo. Nilikuwa nimezika watoto wangu wawili, na huyu alikuwa hapati usingizi mpaka anishike sikio. Basi.

Kisha nikaendelea. Ukipiga simu, nakwambia yuko madrasa. Yeye akikuulizia, namwambia baba yako ana shughuli nyingi. Kaneno kadogo tu, kakakua naye mpaka kakampita kimo. Mwaka 2008 hapa walipokuwa wakiwafukuza wageni, duka lake la kwanza lilivunjwa. Nilimkuta amekaa juu ya kreti la soda, mlango umeng'olewa, mikate imekanyagwa sakafuni. Akasema, "Mama, baba angenichukua, leo ningekuwa wapi?" Nilikuwa na ufagio mkononi. Nikafagia.

Hilo ndilo linalonila kuliko kidole. Kidole nilikitia mara moja. Kufagia nimefagia miaka kumi na tano.

Basi siku ya akika nikasimama. Nikasema mbele ya watu, "Sheikh, sema bin Nureni. Baba yake alimtaka. Mimi ndiye niliyemnyima." Fardosa akamchukua mtoto haraka, kana kwamba na huyu nitamwiba. Mahadi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza, "Uliulizwa, ukajua unachosema?" Nikamwambia nilijua. Akasema, "Haya, shangazi."

Miaka ishirini na moja ananiita mama. Ushangazi ni haki yake, siwezi kuukataa, lakini nilikaa chini.

Siku tisa hakupanda ngazi zangu. Akienda Mobeni kuchukua bidhaa hupita hapa chini, na siku moja Gracieuse akamwita, "Weye, Mahadi! Bibi iko juu, anakonda." Akauliza, "Chakula iko?" Akaambiwa iko. Akapita. Gracieuse akaniambia, "Bibi, mtu wa kuuliza chakula hajakutupa." Lakini mimi najua nilichofanya.

Leo Gracieuse alipofika hapa na kalamu, mlango ukafunguliwa. Ni Mahadi. Hakuketi. Akaniuliza jambo moja tu, "Alipokataliwa, alilia?" Nikamwambia, "Alilia mpaka simu ikakatika." Akageukia dirishani.

Nureni, sikuombi unisamehe. Ulimzika baba yetu peke yako, ukarudi kumtafuta mwanao, nami nikakufungia mlango na mwanao yuko ndani. Nakuomba kitu kimoja: mpigie yeye kwanza, kabla yangu. Mwambie ulivyomwomba, mwaka gani, ofisi gani, mwambie yote, ayasikie kwa sauti yako. Ukishamaliza naye, kama pumzi ya kunitukana imebaki, mimi nipo.

Fardosa anakusalimu. Gracieuse anakusalimu ingawa hakujui, anasema umwombee naye apate karatasi. Nibusie mabinti zako, wambie wana kaka. Mungu akupe umri umpakate Munye, umsomee majina ya mababu mpaka la saba, maana mimi sina haki ya kumsomea.

Namba ya simu iliyo nyuma ya karatasi hii hakuiandika Gracieuse. Mahadi alimnyang'anya kalamu, akageuza karatasi, akaandika mwenyewe, akatoka. Mimi sijui miandiko. Gracieuse ananiambia namba saba zake anazikata kwa mstari katikati. Sijui kama nawe unazikata. Utaona.

Wako akupendaye, hata siku ile nilipokunyima,

Dada yako Batula binti Munye
(hapa nimetia kidole gumba, kile kile)