Wadhamini Mia Tatu wa Harlan Bortz

Jumamosi, 10 Februari 2024

Karamu ya Harlan kwenye ukumbi wa zimamoto imedoda! Viti mia mbili, watu themanini. Nyama ya nguruwe na kabichi chachu imerudi jikoni sufuria nzima, na akina mama wa jikoni wananikodolea macho kana kwamba haya mafua yaliyowazuia watu nyumbani nimeyaleta mimi.

Mafua ni kisingizio. Ukweli ni kwamba wadhamini wa Harlan wanakwisha. Wengine makaburini, wengine wamehamia Florida kwa watoto wao. Mwaka 1998, alipogombea ubunge wa jimbo mara ya kwanza, dereva wa lori la maziwa asiyejulikana na mtu, watu walipanga foleni ukumbi huu huu. Fomu za wadhamini tunaziweka kando ya meza ya pai. Husaini, huli pai. Tulipata saini mia saba siku moja, na Novemba akashinda kwa kura sitini na moja. Tangu hapo ameshinda mara kumi na tatu mfululizo, na kila mara fomu nimezisimamia mimi, msaidizi wake wa ofisini.

Leo tunazo 262. Sheria inataka 300, la sivyo jina lake haliingii kwenye karatasi ya kura. Mwisho ni Jumanne saa kumi na moja jioni, Harrisburg, makao makuu ya jimbo.

Harlan alikula pai, akapeana mikono, akaniambia nisihangaike. "Hujawahi kuniangusha, dada Fern." Akaondoka. Zamani alikuwa anabaki kufuta meza pamoja nasi.

Jumatatu, 12 Februari

Simu tangu asubuhi, sikio linauma. Dhoruba ya theluji imetangazwa, hakuna anayetaka kutoka, na mimi siwezi kupanda vilima vyote hivi kwa siku moja na goti hili. Kila nyumba jibu ni moja — niandikie tu, Fern. Kwetu ndivyo tulivyo. Orodha ya wapishi wa kanisa, kuni za mjane, damu ya kuchangia: mtu akisema niandikie, anaandikwa, na siku ikifika anakuja. Neno lake linatosha.

Basi nikawaandika. Watu arobaini na saba. Mwandiko nikaubadilisha badilisha — huu umelala, huu umesimama. Niliona aibu jinsi mkono ulivyokuwa mwepesi.

Mabel Reppert, bibi wa miaka themanini na moja, alisema nimwandike yeye na Elwood mumewe. Sauti yake haikuwa na uhai. Nilitaka kumuuliza habari za Elwood, amelazwa tangu Krismasi. Simu ya pili ikaita. Sikumuuliza.

Chini ya kila fomu kuna tamko la mkusanyaji: nathibitisha kwamba wote hawa wamesaini wenyewe, na nikisema uongo sheria inichukue. Nikatia saini yangu. Fern Hottenstein. Huo mwandiko sikuubadilisha.

Jumla 309.

Jumanne, 13 Februari

Theluji hadi magotini. Hadi Harrisburg mwendo wa saa tatu badala ya saa moja na nusu. Leo ni siku ya maandazi ya kuikaribisha Kwaresma, nikabeba dazeni moja. Karani wa uchaguzi akala mawili, akagonga muhuri. Tumepokelewa!

Lakini Kendra Yeakel alikuwa pale koridoni. Wakili, miaka thelathini na nne, wa chama chetu hicho hicho. Mwaka 2022 Harlan alimshinda kwenye mchujo kwa kura 112 tu, na hajasahau. Akaitazama bahasha yangu.

"Mwaka huu imekonda, Mama Fern."

"Theluji, mwanangu."

"Theluji," akasema. Kabla sijavaa glavu alikuwa dirishani anaomba nakala.

Alhamisi, 15 Februari

Gazeti. Ukurasa wa vifo. Elwood Reppert, 84, fundi wa mabomba, amefariki JUMAPILI tarehe 11.

Jumapili. Mimi nimemwandika Jumatatu.

Nimeketi jikoni kahawa ikapoa. Mabel alinijibu simu ile mume wake ana siku moja tu tangu afe, akaniambia niandike majina yao wawili kama alivyosema miaka yote. Labda alikuwa bado hajakubali. Na mimi nilikuwa na haraka.

Nikampigia Harlan. Nikamsomea tangazo lile. Akauliza, nani mwingine anajua? Hakusema maskini Elwood. Elwood aliyemwekea mabomba ya nyumba yake bure mwaka aliochaguliwa.

Jumamosi, 17 Februari

Kuna mtu anazunguka. Koti la kijivu, gari la kukodi, folda mkononi. Anabisha mlango, anaonyesha nakala ya fomu, anauliza: huu ni mwandiko wako? Kendra ndiye aliyemtuma.

Anafuata orodha! Mstari kwa mstari. Nikipokea simu najua yuko nyumba gani na nani anafuata. Ray Fenstermacher alinipigia anacheka. "Nimemwambia ni wangu. Na akirudi namfungulia mbwa." Edna wa mashine ya mbao naye kasema ni wake. Wote wanasema mwandiko ni wao! Wanadhani wananifurahisha. Watu wazima wa kanisa wanasema uongo mchana kweupe kwa ajili yangu, na sikuwaomba.

Saa tisa alifika kwa Mabel. Jirani yake anasema Mabel aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akafunga mlango taratibu.

Jumanne, 20 Februari

Pingamizi la Kendra limewasilishwa mahakamani. Wakili wetu, Bwana Stroh, alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Mistari minane ni mibovu kweli: wengine si wa chama, wengine wamehama. Inabaki 301. Ukiondoa Elwood, 300 kamili. Harlan bado yumo!

Nikashusha pumzi. Stroh akainua kidole.

Mstari mmoja si kitu, akasema. Kitu ni mkono ulioandika. Ikiwa mke aliyefiwa alimwandikia mumewe, jaji atamwonea huruma, atafuta mstari huo, yameisha. Ikiwa ameandika mkusanyaji, basi tamko lake ni la uongo, na fomu zote alizozithibitisha zinatupwa. Harlan nje. Na mkusanyaji anashtakiwa.

Hakusema "wewe". Alisema "mkusanyaji", huku akipanga karatasi zake.

Alhamisi, 22 Februari

Harlan ameingia ofisini anapiga mluzi. Tangu mwaka 2010, alipoponea chupuchupu, sijamsikia akipiga mluzi.

Amesema mambo yamekaa sawa. Wake kuwasainia waume zao ni jambo la siku zote hapa.

"Lakini Mabel hakusaini, Harlan."

"Anasema alisaini."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Alikuwa amekwenda kwake. Na pai! Amekaa jikoni kwa mjane ambaye maua ya msiba hayajanyauka, akamlisha maneno. Nikamwambia usoni kwamba ni aibu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akavuta kiti, akanishika mkono kama zamani.

"Nani unadhani ninamwokoa, dada? Mimi nikianguka narudi kuvua samaki. Wewe utafungwa."

Nimwamini? Robo yake ni kweli. Robo hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Jumatatu mahakamani nami nitaulizwa, na jibu langu limeshaandaliwa: nilikuwa jikoni kwa Mabel, nikamwona akisaini majina yote mawili. Sentensi moja. Nimeijaribu mbele ya kioo, nikakwamia kwenye neno "nikamwona".

Jumapili, 25 Februari

Kanisani. Watu wananipigapiga bega. Ray kanikonyeza! Nilikuwa nikiwahesabia hawa watu kura zao, nikiwapelekea fomu za msaada wa dawa, na sasa nimewageuza mashahidi wa uongo kwa simu ya dakika mbili. Mchungaji aliomba kwa ajili ya "wote wanaopita kwenye majaribu" na nusu ya kanisa ikanigeukia.

Nafasi ya Mabel ilikuwa tupu. Sikuthubutu kumpigia.

Jumatatu, 26 Februari

Harrisburg. Mahakama. Naandika kwenye benchi la koridoni, mashahidi hatuingii hadi tuitwe.

Harlan ameshatoa ushahidi. Mlango ulipofunguliwa niliisikia sauti yake ya kampeni, ile tamu. Alikuwa akisema kazi ya fomu hajawahi kuigusa miaka ishirini na sita, kwamba anamwamini Fern Hottenstein kama dada yake, na kwamba kilichofanyika anakijua Fern. Mlango ukafungwa. Kwa hiyo ndivyo. Ikienda vizuri ameshinda yeye, ikienda vibaya nimefanya mimi.

Ametoka, amesimama ng'ambo pale dirishani na Stroh. Ananitabasamia. Naweza kuinuka sasa hivi nikamwambia karani nataka kuingia wa kwanza. Hatua kumi tu. Nimejiambia inuka mara tatu.

Mabel amefika. Gauni jeusi, kola imekunjwa vibaya kwa sababu hakuna tena wa kumwangalia. Amekaa kando yangu, amenipa peremende. Nikamwambia, Mama Mabel, huna haja ya kufanya hivi. Akasema Elwood alimpigia Harlan kura mara kumi na tatu na hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Kisha akasema, na wewe huna mtu, mwanangu, nani atakuletea chakula gerezani?

Nimelia. Hapa hapa koridoni, mbele ya watu.

Karani amefungua mlango. Ameita: Mabel Reppert. Si mimi. Yeye.

Amenyanyuka kwa kunishika bega. Halafu ameinama, mdomo sikioni mwangu, ananong'ona kwa haraka. Fern, wakiniuliza — niliandika kwa kalamu ya rangi gani?

Karani ameushika mlango, anangoja. Harlan ameacha kutabasamu.

Nimemwambia: bluu.

Anakwenda. Polepole, mkono ukutani. Midomo yake inacheza. Bluu. Bluu. Bluu. Anayefuata ni mimi, na rangi nimeshaitaja mimi.